Klabu ndogo za raga zinakufa kwa nauli

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kurasa za michezo hulipita haraka, nalo ni hali ya klabu ndogo za raga nchini Kenya, zile ambazo wachezaji wake wanalima, wananyoa nywele, wanajenga nyumba za watu na kuendesha bodaboda siku zote za juma, kisha Jumamosi wakavaa njumu bila kulipwa hata senti. Nilichezea klabu ya namna hiyo kwa misimu sita katika eneo la Magharibi kabla ya kuja Uingereza kikazi. Siku hizi najitolea katika klabu ya ridhaa karibu na mji wa Huddersfield, ambako raga inayopendwa ni ile ya wachezaji kumi na watatu kila upande, si ile ya kumi na watano tunayoicheza kwetu. Yale niliyoyaona huku ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Klabu yetu ya nyumbani haikufa kwa kukosa wachezaji wazuri. Iliuawa na nauli. Tulipangiwa mechi Pwani, safari ya usiku kucha, na Ijumaa jioni nahodha alisimama stendi akiwa na daftari la shule, anaandika jina la kila aliyefika na kiasi alichotoa. Mwashi wetu mmoja, ambaye ndiye aliyekuwa nguzo ya skramu, pale timu mbili zinaposukumana kugombea mpira, alikuja stendi kutuaga tu, kwa sababu msimamizi wake alikuwa amemwambia kwamba asipoonekana kazini Jumamosi asirudi Jumatatu. Mwingine alitoa pesa zake zimsaidie mwenzake, naye akarudi nyumbani. Tulipanda basi tukiwa kumi na watatu, tukaenda kucheza na watu kumi na watano, tukafungwa vibaya. Mechi mbili za ugenini zilizofuata hatukuweza kusafiri kabisa, pointi zikapewa wapinzani, na kabla msimu haujaisha tulikuwa tumeondolewa kwenye ligi. Jezi zetu zikaishia kwenye gunia nyumbani kwa mama yake nahodha.

Nilipofika huku niligundua kwamba kisa chetu ni cha zamani sana. Katika karne ya 19, wachezaji wengi wa raga wa kaskazini mwa Uingereza walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na wengi walikuwa na kazi Jumamosi, hivyo aliyeiacha kazi akaenda kucheza alikatwa mshahara. Klabu zao ziliomba ziruhusiwe kumfidia mchezaji ujira alioupoteza. Chama kikuu cha raga cha wakati huo, kilichoongozwa na watu wasiokuwa na shida ya ujira, kilikataa mwaka 1893. Tarehe 29 Agosti 1895 wawakilishi wa klabu hizo wakakutana katika Hoteli ya George hapa Huddersfield, wakajitenga na kuunda chama chao, na fidia waliyoiruhusu ilikuwa shilingi sita kwa siku. Hawakuwa wakitafuta utajiri. Walitaka mtu wa kibarua aweze kucheza bila watoto wake kulala njaa. Baadaye, mwaka 1906, walipunguza wachezaji kutoka kumi na watano hadi kumi na watatu, na ndivyo aina hii ya raga ilivyopata sura yake ya leo.

Hata hivyo, sehemu ya historia hiyo inayotuhusu zaidi ilitokea miaka mingi baadaye. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, klabu za ridhaa za mchezo huu zilikuwa zinapotea moja baada ya nyingine, kwa kuwa uongozi ulikuwa mikononi mwa klabu za kulipwa, ambazo ziliziona ndogo kama kisima cha kuchotea wachezaji tu. Mwaka 1973 kikundi cha watu wa kawaida, Maurice Oldroyd akiwa miongoni mwao, kilikutana tena Huddersfield na kuunda chama cha klabu za ridhaa, kinachojulikana kwa kifupi kama BARLA. Mwanzoni chama kikuu cha raga hii ya kumi na watatu kilikataa kuwatambua, lakini hawakuvunjika moyo, na mwaka uliofuata wakatambuliwa. Kuanzia hapo klabu ndogo zilikuwa na mtu wa kuzisemea, zikapanga ratiba zao zenyewe, zikaandaa ligi za vijana, na mwaka 1986 zikaanzisha ligi ya kitaifa ya ridhaa kwa zile chache zilizokuwa na uwezo wa kusafiri mbali.

Naomba msomaji azingatie mpangilio huo. Ligi ya kitaifa ni ya wachache wenye uwezo. Chini yake ziko ligi za mikoa, Yorkshire kwao, Cumbria kwao, ambamo timu husafiri muda mfupi na kurudi nyumbani kabla ya giza. Klabu ninayoitumikia ina timu za watoto, kuanzia wale wadogo wanaocheza wakiwa na vitambaa viunoni ili wasikabane kwa nguvu, hadi wakubwa. Jumamosi asubuhi nachora mistari ya uwanja, na jikoni yumo mama mmoja mwenye umri wa bibi yangu anayeuza chai na pai, na pesa hizo ndizo zinazonunua mipira. Yeye hajawahi kucheza raga hata siku moja. Amekuwa jikoni humo tangu mwanawe alipokuwa mchezaji, na sasa anawapikia wajukuu. Kilichomweka pale miaka yote hiyo ni kwamba mechi iko mlangoni pake.

Kwetu tumeijenga nyumba kuanzia paa. Sipunguzi furaha ya mwaka 2016, wakati Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, walipoifunga Fiji 30-7 na kutwaa ubingwa wa mashindano ya Singapore, nami nililia kwa furaha kama Wakenya wengine. Sipunguzi pia fahari tuliyoipata mwaka huohuo, klabu ya Kabras Sugar walipolichukua Kombe la Kenya, taji la ligi yetu kuu, kwa mara ya kwanza na kulipeleka Kakamega, maana lilituonyesha kwamba raga si mali ya Nairobi peke yake. Lakini Kabras wana kampuni ya sukari nyuma yao. Klabu ya mji mdogo haina kampuni, na hata ikipata mfadhili mmoja, siku anapoondoka huondoka na klabu nzima.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wa shule. Shule zetu za sekondari za Magharibi na Nyanza zinatoa wanaraga hodari kila mwaka. Wachache huchukuliwa na klabu kubwa au vyuo vikuu. Waliobaki, ambao ndio wengi, humaliza Kidato cha Nne na mchezo wao ukaishia hapo, si kwa sababu hawaupendi, bali kwa sababu klabu ya karibu iko umbali wa saa tatu kwa matatu, au haipo.

Kwa hiyo napendekeza kwa chama cha raga na kwa serikali za kaunti kwamba ngazi ya chini kabisa ya ligi yetu ipangwe kwa ujirani. Timu za Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia zicheze zenyewe kwa zenyewe msimu mzima, za Pwani vivyo hivyo, na za Bonde la Ufa vivyo hivyo, na safari ndefu zije mwishoni tu, kwa mabingwa wa kanda, zikiwa zimegharimiwa na chama. Ratiba itolewe mapema ili kibarua aweze kupanga na bosi wake. Pesa ndogo itakayopatikana isitumike kwanza kununulia jezi mpya. Ilipe nauli na ujira wa siku iliyopotea. Klabu hizi zipate kiti chao chenye kura katika uongozi, kwa sababu hata huku mambo hayakubadilika mpaka wadogo walipojisemea wenyewe.

Najua yuko atakayesema kwamba kucheza na majirani tu kutashusha kiwango. Dawa yake ni kombe la wazi. Uingereza kuna Kombe la Challenge, lililoanza msimu wa 1896-97, na hadi leo klabu za ridhaa huingia katika raundi za mwanzo. Mwaka 1996 West Hull, timu ya ridhaa, iliitoa York, klabu ya kulipwa, na watu huku bado wanalitaja jambo hilo. Sisi tunalo Kombe la Enterprise, kongwe kuliko Kombe la Kenya. Liwekewe raundi za mwanzo kwa ajili ya timu za vijijini, ili kijana wa Butere awe na tarehe moja katika mwaka ambayo anaweza kupangiwa na klabu kubwa kama KCB ya Nairobi.

Kwako Mhariri, ombi langu ni dogo. Chapisha matokeo ya ligi za chini, hata kwa mistari mitatu. Mchezaji anayeona jina la timu yake gazetini hulikata na kulibandika ukutani. Mimi nilifanya hivyo.

Mwezi uliopita nahodha wetu wa zamani alinipigia simu. Kuna vijana tisa waliomaliza shule wanaofanya mazoezi kila Jumapili katika uwanja wa shule ya msingi karibu na kwao, na katika kaunti jirani ziko timu mbili nyingine zisizo na ligi. Amelitoa lile gunia na kuzifua jezi. Aliniuliza wajisajili wapi, na kwa mashindano gani, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Msomaji wenu,
Huddersfield, Uingereza