Barua kwa Mwanangu Baada ya Mwaka wa Kwanza wa Bweni

Mwanangu mpenzi,

Usiku ule uliporudi likizo ya Desemba, tulipokuwa tukikunja nguo zako, uliniuliza kwa nini nilikupeleka bweni. Nilikujibu kwamba ni kwa ajili ya masomo yako, kisha nikazima taa. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini lilikuwa fupi mno kwa mtoto aliyekaa mwaka mzima mbali na kwao, na tangu hapo sijapata utulivu. Nakuandikia kwa sababu yapo maneno ambayo nikikutazama usoni hayatoki.

Majina ya kidato cha kwanza yalipotoka, ulipangiwa shule ya kata, ambayo haidai ada tangu Serikali ilipoiondoa mwaka 2016. Kutoka hapa kwetu hadi pale ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu, na ili uwahi namba ya asubuhi shuleni ingekupasa utoke nyumbani kungali giza. Niliwakumbuka mabinti wa mtaa huu walioanza kwa kupewa lifti ya bodaboda wakati wa mvua, na masomo yao yakaishia kidato cha pili kwa ujauzito. Niliogopa, mwanangu. Baba yako ametutoka, na wewe ndiye mtoto wangu wa pekee, kwa hiyo mteja wangu mmoja aliponieleza habari za shule ile ya binafsi huko Kilimanjaro, yenye bweni la wasichana na uzio, sikutafakari mara mbili. Nilipokea zamu yangu ya upatu, nikalipa awamu ya kwanza ya ada, na ile fomu ya kujiunga nikaijaza mwenyewe. Wewe nilikuambia siku ambayo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Serikali ilipozuia mwaka 2023 bweni kwa watoto wa darasa la nne kwenda chini, nilisema ni haki, kwa kuwa watoto wale bado ni wa kulelewa na wazazi wao. Lakini ilipofika zamu yako sikujiuliza kama miaka kumi na mitatu inatosha, wala sikukuuliza wewe.

Unakumbuka safari yetu ya Januari, tulipopita Segera, Korogwe, Mombo na Same huku umekumbatia ndoo zako mbili na lile fagio la chelewa kama mtu anayehama nyumba. Tulipofika, uliona haya nilipoanza kuzungukia madirisha ya bweni kabla hata ya kukutandikia kitanda. Sababu yake sikukuambia. Mwaka 1994 nilikuwa na umri kama wako ilipokuja habari kutoka Rombo, mkoa huohuo wa Kilimanjaro, kwamba bweni la wasichana limeungua usiku na kuua wanafunzi zaidi ya 40. Mama yangu aliisikiliza redio akiwa amesimama, asikae. Ndiyo maana nilimuuliza matroni mlango wa pili uko wapi, unafungukia upande gani, na nani hulala na ufunguo. Alinionyesha kwa upole, akanifungulia mlango wenyewe, nikapita hadi nje na kurudi. Ningeona nondo kila upande na mlango mmoja tu, tungerudi Tanga kwa basi la kesho yake, ada iwe imelipwa au haijalipwa.

Nilichoshindwa kukiona siku ile ni kile kibao.

Wewe ulisoma miaka saba kwa Kiswahili, na sayansi ndiyo uliyoipenda kuliko masomo yote. Usanisinuru ulinieleza hapa barazani kwa jani la mwembe hata nikaelewa mimi ambaye sikufika mbali. Ghafla ukaingia katika darasa ambalo kila kitu husemwa kwa Kiingereza, pamoja na wenzako waliokizoea tangu chekechea. Uliporudi likizo fupi ya kwanza ndipo uliponieleza kwamba anayesikika akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, naye hukaa nacho hadi amnase mwenzake, na kwamba wewe ulilala nacho siku nne kwa sababu hukutaka kumchongea mtu. Nilikuambia uvumilie kama wenzako wanavyovumilia. Nasikitika kwa jibu hilo kuliko jambo lingine lolote nililokutendea mwaka huu. Mtoto aliyekubali kuaibishwa siku nne ili asimwaibishe mwingine alistahili kuambiwa na mama yake kwamba ametenda jambo kubwa.

Siku ya kutembelewa, ulipokuwa umekwenda kuwaonyesha wenzako mkate wa kumimina niliokuletea, nilimwona mwalimu wa taaluma. Nilimweleza kwamba nalipa ada kwa moyo mweupe ili ujifunze Kiingereza, na nitafurahi ukikijua kuliko wote, lakini sikukupeleka kwake ili uionee haya lugha ambayo bibi yako alikubembelezea. Alinisikiliza, hakuniahidi kitu. Baadaye uliniambia kwamba bwenini kibao hakionekani tena, ingawa darasani kingalipo. Nitakwenda tena kulisema.

Mengine uliyonieleza, makande ya kila wiki, maji ya kuoga ya saa kumi na moja alfajiri katika baridi ya Julai, sweta lililokubana, hayo hayakunitia hofu, na sweta nimeshakufumia jingine. Ramadhani ya Machi ndiyo iliyonielemea. Nilikuwa napika futari ya watu wawili kwa mazoea, tambi zile unazozipenda, kisha naibeba sahani yako kuipeleka kwa jirani. Kila Jumapili saa kumi jioni nilisimamisha cherehani, simu ikiwa mezani, nikisubiri zile dakika tano ambazo matroni huwapa kila mmoja wenu. Ulidhani nakatisha maneno kwa sababu nina kazi. Nilikuwa nakatisha ili usisikie sauti yangu inabadilika.

Halafu kuna usiku ule wa Mei. Matroni alinipigia saa tano kwamba una homa kali, kwamba wamekupima katika zahanati na kukuta malaria, na umeanza dawa ya mseto. Gari la kusafiria halikuwapo usiku ule, kwa hiyo nikakaa hapa mlangoni na kanga zangu mbili na nauli mkononi hadi adhana ya alfajiri. Nilikuwa nimekwishafika stendi aliponipigia tena kwamba homa imeshuka na umekunywa uji, akanipa nikusikie. Wewe mwenyewe hukunisimulia mengi. Matroni ndiye aliyenieleza kwamba binti anayelala kitanda cha chini yako alikufulia nguo siku tatu, akakuandikia na madaftari. Umekulia katika nyumba isiyo na mtoto mwingine, mwanangu. Kitu kile nisingeweza kukupa kwa fedha yoyote, na kwa ajili yake peke yake nilishukuru kwamba upo pale.

Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba nilikosea kukupeleka, wala kwamba nilipatia. Nakuona unaamka bila kuitwa, unakunja shuka, unaosha sahani yako na yangu. Nakuona pia unafunga tranka kwa kufuli hata humu ndani, ambamo tunaishi wawili tu, na ufunguo unaulalia shingoni. Sabuni zako zimeibwa mara ngapi hata mkono wako ukazoea hivyo? Hilo nalo ningependa uniambie.

Mwaka 2025 unaingia kidato cha pili, na Novemba kuna ule mtihani wa upimaji wa kitaifa, ambao asiyeufaulu hurudia kidato. Kama ni kuhama, ni sasa, kabla mwaka haujashika kasi. Nimeulizia shule ya binafsi ya kutwa hapa mjini. Ada yake ni nafuu, na lipo gari la kuwachukua wanafunzi asubuhi na kuwarudisha jioni, kwa hiyo ile hofu yangu ya barabara isikuzuie. Ukitaka kurudi Kilimanjaro kwa wenzako, fedha ya awamu ya kwanza ninayo. Sitakasirika kwa lolote utakalochagua, na ukihitaji siku mbili tatu za kufikiri, uzichukue.

Tiketi sijakata, na katika tranka lako sijatia kitu. Nitakungoja uniambie.

Mama yako