Barua ya wazi kwa Meneja Mkuu: tuletee mtu wa kugombea namba

Mheshimiwa Meneja Mkuu,

Salaam, na pole na majukumu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza nimeshakuandikia mara mbili, na mara zote kompyuta yenu ikanijibu kwamba maoni yangu yana thamani kubwa kwa klabu. Nashukuru. Safari hii nimeona bora Waswahili wenzangu nao wasome, angalau wanipe pole.

Mimi ni Mtanzania, napakia mizigo ghalani zamu ya usiku, mwaka wa kumi na moja sasa katika mji wenu huu wa baridi. Futiboli ya Kimarekani nilifundishwa na mwanangu. Jumapili iliyopita nilitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, sikulala, nikampeleka uwanjani. Tiketi na maegesho vilikula karibu mshahara wa siku nne. Robo ya pili kwotabeki wetu, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, akaangukiwa gotini, akatolewa na kigari. Akaingia msaidizi wake, yule mnayemwita "mzoefu". Mheshimiwa, nilikuwa na darubini. Nilimwona anasoma kile kikaratasi cha maelekezo kilichofungwa mkononi: anakisogeza karibu na macho, anakipeleka mbali, kama babu aliyesahau miwani. Mpira wa kwanza ukamponyoka. Wa pili akamrushia mpinzani kifuani. Mwanangu akaniuliza, "Baba, hakuna mwingine?"

Swali hilo nakuletea wewe.

Mwezi wa nne ulisimama mbele ya kamera ukasema kila namba katika timu hii itagombewa. Tulipiga makofi. Drafti, ule uchaguzi wa vijana wapya kwa zamu, ikaenda raundi zote saba, mkachukua mpaka mpiga teke. Kwotabeki, hakuna hata mmoja. Kumbe ulimaanisha kila namba isipokuwa ile inayoamua mechi.

Nasikia mnaogopa kwamba bwana mkubwa, kwotabeki wetu huyo aliyeumia, na mkataba wake ule mnono, akiletewa mshindani atanuna. Mwacheni anune. Mwaka 2005 timu ya Green Bay walikuwa na kwotabeki Brett Favre mzima wa afya, wakamchukua kwotabeki kijana, Aaron Rodgers, kwa chaguo la 24 la drafti. Akakaa benchi misimu mitatu, hakufa, na alipopewa timu akaleta ubingwa wa Super Bowl, fainali ya ligi, ya msimu wa 2010. Mwaka 2020 naye wakamletea kwotabeki kijana, Jordan Love. Rodgers hakufurahi, dunia nzima ilijua. Msimu huo huo akawa mchezaji bora wa ligi, na uliofuata tena! Mimi nasema ni yule kijana aliyemwamsha. Wataalamu watabisha, wabishe.

Na New England? Machi 2001 walimpa kwotabeki wao Drew Bledsoe mkataba wa miaka kumi wa zaidi ya dola milioni 100. Septemba akaumizwa vibaya. Benchi alikuwepo kijana wa chaguo la 199 la drafti ya 2000, Tom Brady, aliyekuja kuwa gwiji wa mchezo huu. Wangesema "tunaye tayari", kama msemavyo ninyi, leo tungekuwa tunawacheka.

Najua utanitajia Philadelphia, kwamba walimchukua kwotabeki Jalen Hurts raundi ya pili mwaka 2020, kwotabeki wao wa kwanza Carson Wentz akaporomoka, akauzwa. Ni kweli. Februari 2025 Hurts huyo huyo akawafunga Kansas City 40–22 na kuondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Hasara ya namna hiyo tuletee na sisi, tafadhali.

Kwetu hata timu ya mtaani ina makipa wawili wasiosalimiana. Mkubwa akizembea mazoezini, Jumamosi anabeba maji.

Mheshimiwa, nilikuwa nimeandika "raundi ya kwanza". Mke wangu akasema nisiwe na tamaa. Basi ya tatu. Hata ya nne: Washington walimpata kwotabeki Kirk Cousins raundi hiyo mwaka 2012, wakati chaguo lao la kwanza lilishakwenda kwa kwotabeki mwingine, na goti la huyo mwingine halikuumaliza msimu. Hata ya sita nitapokea. Kijana mmoja tu, anayeweza kukisoma kile kikaratasi.

Tiketi za msimu ujao mnataka zilipiwe Machi, na drafti ni Aprili. Mpangilio huo nao nimeuona.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Baba wa yule mtoto aliyeuliza