Watoto wa ngalawa moja, na mama zao hawasemezani

Kwako Bi Mshauri, na wasomaji wenzangu,

Assalaam aleikum. Mimi ni mchoma vitumbua wa Sahare, hapa Tanga, na namlea mtoto wa marehemu kaka yangu, mvulana wa miaka 10. Nimeandika nikafuta mara tatu. Leo naipeleka hivi hivi ilivyo.

Mwaka jana mwezi wa sita, shule zimefungwa, kaka alimchukua mwanawe baharini kwa mara ya kwanza. Ngalawani walikuwa wanne: kaka ndiye nahodha, mabaharia wawili, na mtoto. Kusi lilikuwa limeshaanza kuchachamaa. Kuna wanaoapa kwamba wazee walimkanya asitoke usiku ule, na kuna wanaosema hakukanywa na mtu. Maneno ya baada ya msiba mnayajua. Walipinduka nje ya kisiwa cha Yambe. Kaka alimfunga mwanawe kwenye dumu tupu, na alfajiri mashua iliyokuwa ikirudi ikamwokota. Wale watu wazima watatu tuliwazika.

Matanga yalijaa. Wali ulipikwa, hitima ikasomwa, watu walilala ukumbini mpaka mikeka ikapungua. Baada ya arobaini ndipo nikauelewa vizuri ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Wifi yangu akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na mtoto akawa hatoki chumbani mwake. Sisi tukafurahi, tukisema anamliwaza mamake. Kumbe mle ndani kila mmoja alikuwa anajizuia kulia kwa kumwogopa mwenzie. Eda ilipokwisha wifi alirudi kwao Pangani, amekonda, hasemi. Mtoto nikabaki naye mimi kwa ajili ya shule.

Anakojoa kitandani, jambo aliloacha tangu ana miaka minne. Mvua ikipiga bati anaingia uvunguni. Pwani hataki hata kuisikia, nasi tunaishi hatua mia tatu kutoka majini! Lakini kinachonitesa zaidi ni mchezo wake. Kila jioni anachukua beseni langu la kufulia, analijaza maji, anaweka juu yake bakuli la plastiki lenye kandambili tatu kubwa na moja ndogo. Analitikisa mpaka lipinduke. Zile kubwa anaziacha chini ya maji. Ile ndogo anaiokota, anaifuta kwa shati, anaitia mfukoni. Mwanzoni nilimnyang'anya beseni. Akakaa siku mbili bila kula.

Shuleni alichapwa kwa kutoka darasani mvua iliponyesha. Nilikwenda nikiwa na hasira, nikarudi na heshima, maana mwalimu alinisikiliza, akamhamishia dawati karibu na mlango na kumruhusu kutoka akizidiwa. Hilo limesaidia kuliko mengi.

Ndugu upande wa baba wanasema ni jini la bahari. Kombe, yale maji ya aya za Qurani, amekunywa, na kisomo sikikatai, Qurani ni shifaa. Ila mganga waliyemleta ametaka beberu mweusi na shilingi 150,000, akasema mtoto apelekwe usiku pale pale pwani akaogeshwe. Nilikataa, na tangu siku hiyo naitwa mbishi.

Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Yule binti alikuwa wa kwanza kunipa jina la jambo lenyewe: kiwewe. Alinieleza kwamba mwili wa mtoto bado unadhani uko majini, ndiyo maana mvua juu ya bati inamrudisha kule. Nisimlazimishe kusimulia, wala nisimwambie asahau. Alale saa zile zile kila siku, ajue nani yuko nyumbani, na mchezo wa beseni nimwachie, nikae karibu tu. Akanipa namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, na akasema hospitali ya Bombo kuna kliniki ya afya ya akili. Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu. Mnajua mtu wa Tanga akisikia afya ya akili anawaza Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili, na mtoto ataitwa kichaa kabla hajafika foleni.

Nikajaribu kikundi chetu cha vikoba, tuna mfuko wa jamii. Katibu akauliza, "Anaumwa nini? Cheti cha hospitali kiko wapi?" Mfuko unatoa kwa maiti, kwa uzazi, kwa aliyelazwa. Kwa mtoto anayepindua bakuli kila jioni hauna kifungu. Simlaumu katibu, kanuni tulizipitisha wenyewe, na mkono wangu nilinyoosha.

Sasa niseme lililonileta. Afisa alisema dawa kubwa ingekuwa familia zile tatu kukutana, watoto wacheze, mama wazungumze, wajue kwamba hawakufikwa peke yao. Kwa hesabu yangu watoto waliobaki bila baba usiku ule ni sita. Binti mmoja wa miaka saba, nasikia, hali samaki tena, na katika mtaa wetu hilo ni njaa. Lakini mama yake binti huyo hanijibu salamu. Kwake yeye, kaka yangu ndiye aliyemuulia mume kwa kutoka na upepo ule. Na maneno ya wakubwa huteremka: kule chuo cha Qurani, mwenzake alimwambia mtoto wangu, "Baba yako kawaua baba zetu." Hakunieleza yeye, nilielezwa na mwalimu wa chuo.

Bi Mshauri, naomba mnisaidie. Nimwendee mama yule mwenyewe, au nitume mtu mzima wa makamo, na je, akitaka nikiri kwamba kaka alikosea, nikiri? Sikuwepo baharini. Moyo wangu unasema labda alikosea, na kinywa hakitaki. La pili, kuna aliyempeleka mtoto kliniki ya namna hii, aliwaambiaje majirani? Au hakuwaambia?

Mwezi wa sita unakaribia, na ndugu wanataka hitima ya mwaka ukumbini kwangu. Wavuvi watakuja, na wavuvi wakikaa pamoja watasimulia, wimbi kwa wimbi, mtoto akisikia. Nafikiria kuzialika familia zote tatu, kisomo kimoja kwa marehemu watatu. Naogopa mama yule asije. Naogopa pia akija. Wenye uzoefu nijibuni mapema, mchele sijanunua.

Shangazi mtu,
Sahare, Tanga