Kile kitanda cha pili

Shosti wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sie wazima, bi mkubwa naye hajambo, magoti tu ndo yanamsumbua asubuhi na kila siku anauliza lini utakuja, anasema umemtupa. Ile sauti uliyonitumia WhatsApp juzi nimeisikiliza mara mbili. Mwanzo nikadhani umegombana na jirani, kumbe ugomvi wako ni na marehemu Shakespeare, eti mtu ana majumba na mashamba anakufa anamwachia mkewe kitanda, tena si kile kizuri, ni cha pili yake, na mwanao kafundishwa hivyo shuleni na we umelala na hasira usiku kucha.

Sasa we unanijua, mwaka wa tisa huu niko ofisi ya wakili nachapa wosia za watu, jambo kama hilo haliwezi kunipita. Jumamosi nilipomaliza kazi nikabaki na kompyuta ya ofisi nikautafuta huo wosia wenyewe. Upo, karatasi zenyewe zimetunzwa kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, na picha zake zipo intaneti. Ni kurasa tatu. Mwandiko ule wa kizamani huwezi kuusoma hivi hivi, nimeweka nakala iliyochapwa pembeni nikawa nafuata mstari kwa mstari mpaka adhana ya magharibi ikanikuta hapo hapo kwenye kiti, na nimetoka na mengi kuliko hicho kitanda ndo maana nakuandikia badala ya kupiga simu, simu ingekata.

Kwanza jua huyu bwana alivyokuwa. Tumezoea kumjua kwa michezo ya kuigiza, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa akamtafsiri, lakini kwao Stratford alikufa kama mzee mwenye mali, mtu mwenye heshima na ardhi. Alikuwa na jumba la New Place alilolinunua 1597, nyumba za Henley Street alikozaliwa, mashamba nje ya mji, na nyumba moja London mtaa wa Blackfriars. Na wenye mali wa zamani kule hawakuwa wanaandika wosia mapema kama tunavyowashauri watu hapa ofisini, wengi walisubiri mpaka wameshalala kitandani. Wa kwake ulianza kuandikwa mwezi wa kwanza 1616, unaona kabisa neno Januari limekatwa juu yake pameandikwa Machi, ukasainiwa tarehe 25 Machi, na tarehe 23 Aprili akafa. Juu wameandika kwamba ana afya timamu na kumbukumbu kamili Mungu asifiwe, hayo ni maneno ya kawaida tu, hata sie tunaandika akili timamu, lakini ukiziangalia saini zake unaona mkono haukuwa na nguvu.

Ukurasa unaanza kwa jina la Mungu, kisha anaikabidhi roho yake kwa Muumba, mwili anaurudisha kwenye udongo. Wosia zao nyingi za enzi hizo zilianza na roho kabla ya mali, maana mambo ya wosia yalikuwa mikononi mwa mahakama za kanisa. Ardhi ilikuwa na habari yake. Mpaka 1540 kwa kawaida mtu hakuwa na ruhusa ya kuusia ardhi kwa karatasi, ikienda moja kwa moja kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na mwenye hela aliyetaka vingine ilibidi aikabidhi kwa rafiki zake anaowaamini angali hai ili wamshikie huyo anayemtaka. Mwaka huo ndo mfalme Henry wa Nane alipotoa sheria ya kuruhusu. Kwa hiyo wakati wa Shakespeare mtu mwenye ardhi alikuwa na uhuru mkubwa sana, na hapo ndo tofauti na sisi. Sie ukiwa Muislamu mali imeshagawanywa kabla hujashika kalamu, mke ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, kama kuna watoto, wosia hauvuki theluthi na mrithi huwezi kumuusia. Yule mzee wa Kiingereza ardhi yake, ukiacha haki ya mke nitakayokuambia mbele, angeweza kumpa amtakaye.

Haya, tuje kwa watoto maana ndo penye uchungu. Alikuwa na mabinti wawili, Susanna mkubwa, na Judith, pacha wa Hamnet. Hamnet alikufa 1596 ana miaka kumi na moja, ndo mtoto wake pekee wa kiume. Judith aliolewa Februari hiyo hiyo ya 1616 na jamaa anaitwa Thomas Quiney, ndoa haijamaliza mwezi na nusu ikajulikana kuna mwanamke mwingine kapewa mimba na huyu huyu bwana harusi, na huyo mwanamke na kichanga chake wote wamezikwa katikati ya Machi. Kesi ya Quiney ilisikilizwa mahakama ya kanisa tarehe 26 Machi, yaani baba mkwe kasaini wosia leo, kesho mkwe anasimama anakiri.

Sasa vuta picha ya ukurasa wa kwanza uangalie. Karani alianza kuandika namwachia mkwe wangu, akaishia katikati ya neno, kalamu ikapita juu, mkwe akakatwa, badala yake pakaandikwa binti yangu Judith. Shosti, nilipoona ule mstari wa wino nilinyanyua mkono kwenye mausi nikakaa kimya. Mi nachapa kwenye kompyuta, mtu akibadili mawazo nafuta na hakuna atakayejua, pale zimepita zaidi ya miaka mia nne na bado unaona mzee alipobadilisha moyo. Jina la Quiney halimo kabisa humo ndani. Judith anapewa pauni 100 za mahari yake (kwao baba wa bibi harusi ndo alitoa), 50 nyingine akiachia haki yake kwenye nyumba moja ndogo, halafu kuna 150 zimefungwa fundo kweli kweli: kama atakuwa hai miaka mitatu mbele atakula faida yake tu, ile mali yenyewe haigusi maadamu ana mume, na mume hazioni mpaka na yeye aweke ardhi ya thamani hiyo hiyo kwa ajili ya mke na watoto. Na hasemi mume huyu, anasema mume yeyote atakayekuwa naye wakati huo. Nimechapa masharti mengi ila baba aliyejua kumlinda mtoto kwa sentensi kama hiyo sijamuona.

Susanna ndo kachukua majumba yote na mashamba. Lakini usidhani ni yake kufanya atakavyo. Ni yake mpaka afe, kisha yaende kwa mwanawe wa kiume wa kwanza na wanaume wa uzao wake, akikosekana wa pili, wa tatu, wanahesabiwa mmoja mmoja mpaka wa saba. Susanna alikuwa na miaka thelathini na ushee na alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, Elizabeth. Yaani babu anawagawia ardhi wajukuu saba wa kiume ambao hawajazaliwa na hawakuzaliwa. Wakikosekana hao saba ndo inakuja kwa Elizabeth na watoto wake wa kiume, kisha Judith na wa kwake. Judith alizaa wavulana watatu, mmoja akafa mchanga, wawili wakafa 1639, mama yao bado hai. Elizabeth alikufa 1670 bila mtoto na ukoo ukakatika hapo. Hiyo ndo ilikuwa hofu ya wenye mali wote kule, ardhi isigawanyike vipande, isimfuate binti kwenye jina la mume, na wakapanga masharti kama wanafunga mizigo kwenye lori.

Vile vidogo vidogo ndo vilivyonipendeza. Dada yake Joan kapewa pauni 20, nguo zake zote yeye marehemu, na kubaki kwenye nyumba ya Henley Street maisha yake yote kwa kodi ya peni kumi na mbili kwa mwaka, yaani shilingi moja (shilingi yetu si ilitoka kwao), kodi ya kuonyesha tu kwamba kuna mwenye nyumba. Na huyo Joan mumewe kazikwa tarehe 17 Aprili, siku sita tu kabla ya kaka yake kufa, fikiria mwanamke na wiki hiyo. Watoto wake watatu wa kiume pauni tano tano, wawili wametajwa na wa tatu pameachwa wazi, karani kaacha nafasi ya jina na hakuna aliyerudi kuijaza. Maskini wa Stratford pauni 10. Upanga wake kwa kijana mmoja wa majirani. Vyombo vya fedha kwa Elizabeth isipokuwa bakuli moja pana lililopakwa dhahabu, hilo la Judith. Halafu wenzake watatu wa kundi la maigizo London, Heminges, Burbage na Condell, kila mmoja shilingi 26 na peni 8 wakanunue pete. Ilikuwa desturi yao hiyo, marehemu anakuachia hela ya pete uivae umkumbuke. Na rafiki mwingine wa pale pale mjini naye kapewa ya pete, Sadler, jina lake la kwanza Hamnet. Wengi wanaamini yule mtoto aliyekufa aliitwa kwa jina la huyu. Hapo nilisimama kidogo.

Sasa kitanda chako. Ni kweli, kipo ukurasa wa mwisho, na kimebanwa katikati ya mistari miwili kwa herufi ndogo, kama kitu kilichokumbukwa wakati karatasi imeshajaa. Namwachia mke wangu kitanda changu cha pili kwa ubora pamoja na vifaa vyake. Basi. Lakini nisikilize na mimi. Mke kwa sheria yao alikuwa na theluthi ya ardhi ya mumewe kuitumia mpaka afe, iandikwe isiandikwe, kwa hiyo wengi hawakuona haja ya kuiandika. Na kitanda cha wakati ule usikifananishe na hivi vya mbao vya kununua barabarani. Ni sawa na samadari, nguzo nne, mapazia, godoro la manyoya, mashuka, hivyo ndo vifaa vyake, na kilikuwa kitu cha thamani mtu anakiandika kwenye wosia kama sie tunavyoandika kiwanja. Wapo wanaosema kile bora kiliwekwa chumba cha wageni, cha pili ndo walichokuwa wakilalia wenyewe, na mi hilo naliamini. Halafu ardhi aliitumia tu, kitanda kilikuwa chake kabisa.

Ila sikufichi, ipo nyumba moja inanichoma, ile ya Blackfriars. Aliinunua 1613 kwa pauni 140 na kwenye hati akaweka wanaume wengine watatu pamoja naye, na kununua kwa namna hiyo kulimaanisha mke hana theluthi kwenye hiyo nyumba. Mwanamke yule, mumewe akiwa hai, hakuwa hata na haki ya kuusia ardhi kwa wosia wake, sheria ya 1542 iliwaweka wanawake walioolewa kundi moja na watoto wa chini ya miaka 21 na wenye wazimu, na mambo yalikaa hivyo mpaka 1882. Na kingine, humo ndani Susanna ana jina, Judith ana jina, Joan ana jina, mke ni mke wangu tu. Jina lake, Anne, halimo. Ndo kosa lake kwangu, si kitanda.

We unakumbuka baba alivyofariki, wakubwa wa ukoo walivyoingia na daftari wakawa wanahesabu kabati, redio, cherehani, na bi mkubwa akakaa juu ya samadari yake kashika nguzo kwa mkono mmoja akasema hiki nimekuja nacho, hakihesabiwi. Hakuna aliyemgusa. We ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai. Mi nilikuwa sijaielewa siku ile kama ninavyoielewa leo.

Juzi Jumapili ndo nikamwambia habari yote ya mzee wa Stratford, akasikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele, akasema na yeye nimwandikie karatasi. Samadari anamuusia binti yangu, anasema kama yule babu alivyompa vyombo mjukuu, na mjukuu wa kwa binti si mrithi kwa hiyo hapo yuko ndani ya sheria. Nikaandika, nikafika kwenye jina nikamuuliza niweke mama tu au vipi. Akaweka ungo chini. Akasema weka langu, na la baba yangu, na la babu yangu, herufi kubwa, nisome mwenyewe.

Wako, yule yule wa Chumbageni.