Meno hayanyooshwi kwa kifurushi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie unyooshaji wa meno bila waya za chuma, jambo ambalo vijana wengi wa Dar es Salaam wanalifahamu kupitia matangazo ya simu kuliko kupitia kwa daktari.

Binti yangu yuko kidato cha pili na meno yake ya mbele yamepandana. Aliposhauriwa kufungwa waya alikataa katakata, kwa kuwa mwenzake aliyefungwa mwaka jana huitwa "SGR" darasani. Siku mbili baadaye akanionyesha tangazo: unajichukulia umbo la meno mwenyewe nyumbani, unalituma, kisha unaletewa vifuniko vya plastiki. Nakiri kwamba nilikaribia kulipa.

Njia mbadala zipo, na ni za kweli. Vifuniko vya plastiki angavu, ambavyo kampuni ya Marekani ya Align Technology ilianza kuviuza kwa jina la Invisalign mwaka 1999, husogeza jino kwa takribani robo ya milimita au chini ya hapo, ndipo mgonjwa ahamie vifuniko vinavyofuata baada ya wiki moja au mbili. Sharti lake ni kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kila siku, na kuvuliwa kwa kila chakula na kila kinywaji isipokuwa maji. Mzazi anayemjua mwanawe apige hesabu mwenyewe: chai ya asubuhi, mihogo ya kukaanga wakati wa mapumziko, ubuyu njiani, na kila mara avue, asukutue, avae tena, bila kuvisahau mezani wala kuviosha kwa maji ya moto yatakayovipinda. Kwa mtu mzima mwenye nidhamu na tatizo dogo, njia hii inafaa sana. Kwa binti yangu, nina mashaka.

Zipo pia waya zenye vishikizo vya kauri yenye rangi ya jino, ambavyo ni vigumu kuonekana kwa mbali ila huvunjika upesi kuliko chuma, na vimpira vyake hugeuka manjano kwa mchuzi wa binzari. Zipo nyingine zinazobandikwa nyuma ya meno, zisizoonekana kabisa, lakini ulimi huzigusa kila wakati, hivyo matamshi huyumba kwa majuma ya mwanzo. Msoma Kurani au mwimba kwaya alijue hilo mapema.

Lililonizindua zaidi ni maelezo ya daktari kuhusu mfupa. Jino linaposukumwa, mwili huumeng'enya mfupa wa upande linakoelekea na kujenga mwingine upande linakotoka, kazi ya miezi mingi. Ikiwa fizi zinaugua, au kuna jino lililozama ndani ya taya, msukumo huohuo huweza kuleta madhara, na hayo hayaonekani bila uchunguzi na picha ya eksirei. Wakati mwingine jibu la uchunguzi ni kwamba hakuna cha kurekebisha. Watu wa pwani tumeusifia mwanya tangu zamani, na sioni kwa nini sasa tuulipie uzibwe.

Biashara ya vifurushi ina hatari nyingine. SmileDirectClub ya Marekani, iliyojulikana kwa kuwatumia wateja vifuniko nyumbani, ilifunga shughuli zake Desemba 2023, na waliokuwa katikati ya tiba wakaachwa wajitafutie msaada. Kama yalitokea huko, mteja wa Mbagala atamdai nani?

Naiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, pamoja na Baraza la Madaktari Tanganyika, watoe maelezo kwa lugha nyepesi kuhusu nani anaruhusiwa kutoa tiba hii na kwa vifaa gani. Kliniki nazo zitaje bei nzima tangu mwanzo, ikiwemo ya kifaa cha kuyashikilia meno baada ya tiba, kwani bila hicho meno hurudi yalikokuwa, na wazazi wengi hukisikia siku waya zinapofunguliwa.

Binti yangu amekubali kauri juu na chuma chini, kwa kuwa kauri ikiwekwa chini huweza kuyasaga meno ya juu yanapokutana nayo. Anasema SGR ya chini haitaonekana asipocheka sana.

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam