Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakusanyaji wa mapambo ya Krismasi ya kioo,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina, sitamwingilia. Niseme tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na wachache wanaodaiwa wanajijua.

Safari ya Lauscha ndiyo iliyobeba mwaka wetu. Kwa wanachama wapya, huu ni mji mdogo uliojibana kwenye mabonde ya misitu ya Thuringia, hapa Ujerumani, na kioo ndicho kilichouzaa. Mwaka 1597 Hans Greiner na Christoph Müller walipata kibali cha kujenga tanuri pale, penye kuni tele. Mapambo ya mti wa Krismasi yalikuja baadaye sana: kitabu cha oda cha mwaka 1848 kinataja dazeni sita za tufe za Krismasi za ukubwa mbalimbali.

Hapa nina la kukiri. Kijitabu tunachowapa wageni kinaanza na mpuliza kioo fukara aliyekosa fedha za kununua tufaha na njugu za kupamba mti, akazipuliza za kioo. Nimeisimulia mara nyingi mwenyewe, na watoto huipenda. Lakini ni hadithi. Toleo jipya lianze na kitabu cha oda, hadithi ifuate kwa jina lake la hadithi.

Tulikaa nusu siku katika karakana ya mpulizaji mmoja. Kazi huanza na bomba la kioo, analizungusha juu ya mwali wa gesi bila kupumzisha vidole, kwa maana akisita kidogo tu kioo kinainama upande mmoja. Likishalegea hulipuliza, ama wazi hewani likawa tufe, ama ndani ya kalibu likatoka ndege, msonobari au kibuyu. Nilidhani kazi inataka mashavu ya mpiga zumari. Kumbe ni pumzi ndogo, ya kupimwa. Mji ulipopata kiwanda cha gesi mwaka 1867, moto mkali na rahisi kuurekebisha uliwawezesha kupata kioo chembamba zaidi, kile ambacho leo tunakishika kwa woga.

Wengi wetu tuliamini ile rangi ya fedha hupakwa nje. Sivyo. Humiminwa ndani kimiminika chenye nitrati ya fedha, pambo likatikiswa katika maji ya moto, na ghafla kioo kinageuka kuwa kioo cha kujitazamia. Rangi za brashi hufuata nje, kisha shingo hukatwa na kuvishwa kofia yenye kitanzi. Zamani kazi hii ilifanyikia nyumbani: baba akipuliza, mama na watoto wakipaka rangi hadi usiku. Mwenyeji alituuliza sisi hutundika nini huko kwetu. Tukamwambia tawi la mvinje, pamba na baluni. Alicheka, lakini akataka kujua pamba inakaaje bila kuanguka.

Sasa jambo lililonileta mbele yenu. Mfuko wa ununuzi umekuwa ukienda karibu wote kwenye minada. Mwaka huu tulinunua ndege mzee mwenye mkia wa nyuzi za kioo, na msafirishaji akatuletea ndege na mkia kila kimoja kivyake. Uchungu wangu hauko hapo hasa. Hata angefika mzima, hakuna senti iliyomfikia anayepuliza leo. Kamati inapendekeza theluthi mbili za mfuko ziagize mapambo mapya kutoka karakana zinazofanya kazi, hasa zile zinazotumia kalibu za kale. Najua wapo watakaosema sisi ni wakusanyaji, si wafadhili. Nawajibu: bila wapulizaji, tutabaki kuuziana vilivyopo hadi kimoja kimoja kivunjike.

Desemba 2023 UNESCO iliingiza ujuzi wa kutengeneza kioo kwa mkono katika orodha ya urithi usioshikika, Ujerumani ikiwa pamoja na nchi nyingine tano. Tulishangilia, na ilistahili. Ila orodha hailipi bili ya gesi, na mashindano na mashine si ya jana: mtambo wa Corning, kampuni ya kioo ya Marekani, uliobuniwa kwa balbu za taa, ulikuwa ukitoa tufe za Krismasi huko tangu kabla Vita vya Pili havijaisha.

Mwaka ujao tunaelekea Poniklá, Ucheki, kwenye mapambo ya shanga za kioo yaliyoingia katika orodha hiyo ya UNESCO mwaka 2020. Nauli itajadiliwa baada ya kura.

Mwisho, masanduku ya kuhifadhia yaliyoazimwa yarudishwe kwa katibu. Na tafadhali, mapambo ya kale yasifutwe kwa kitambaa chenye maji. Mwanachama mmoja amefuta uso wa malaika wake, na ameniruhusu niwaambie.