Kura za Project Fame hazikufuata wingi wa watu

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika kwamba Tusker Project Fame, lile shindano la uimbaji la Afrika Mashariki kwenye televisheni ambapo watazamaji walipiga kura, lilikuwa la kuhesabu raia tu, nchi yenye watu wengi ndiyo inayopata kura. Mimi nilikuwa nalitazama jioni baada ya kusahihisha madaftari, na hesabu yake hainiingii kichwani.

Mwaka 2009 alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2013, msimu wa sita, akashinda Hope Irakoze wa Burundi. Hizo ni miongoni mwa nchi ndogo zilizoshiriki! Sisi Watanzania, tulio wengi kuliko majirani hao, katika misimu yote sita hatukuonja ushindi hata mara moja. Wingi wetu ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa kwenye kochi unamsubiri jirani apige kura.

Nikiri jambo. Ule msimu wa sita nyumbani tulikubaliana wote tumpigie kura mtoto wetu wa Tanzania. Mimi nikachukua simu, nikaenda jikoni kana kwamba natazama maharage, nikampigia Mrundi. Mume wangu hajui mpaka leo, labda atajulia hapa. Lakini yule kijana akiimba, hata Ian Mbugua, jaji asiyetabasamu ovyo, ungeona anasikiliza.

Sidhani nilikuwa peke yangu jikoni.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma